SOMO: Kuanzisha kikundi cha wafuga nyuki (soma kwanza kabla hujanitumia meseji)

Habari zenu wadau. Kila wiki napokea meseji zenye swali lile lile, kikundi kinaanzaje, katiba inaandikwaje, kiingilio kiasi gani. Nimejibu mpaka nimechoka, so naandika hapa mara moja na atakayeuliza tena namwelekeza huku. Kikundi ninachosema mimi ni watu kukutana na kufungua mizinga pamoja basi, siyo chama cha kuombea mikopo, hicho ni somo lingine.

1. Tafuta watu wawili watatu wenye nyuki. Wanatosha.

2. Kutaneni manzukini, pale mizinga ilipo. Mkianzia kwenye viti na ajenda mtabishana uenyekiti mpaka nyuki wahame.

3. Group la simu moja, la nyuki tu. Kiingilio msiweke mwanzoni.

4. Chagueni siku moja ya mwezi isiyobadilika, ila siku ya mvua au upepo mkali msifungue mzinga wa mtu.

5. Kabla ya siku ya kwanza muulize kila mmoja akiumwa na nyuki mwili unafanyaje. Kuvimba palipoumwa ni kawaida. Aliyewahi kubanwa pumzi au kuvimba uso na koo asikaribie mzinga mpaka aonane na daktari, na siku ya mkutano lazima pawe na usafiri wa kumfikisha mtu hospitali.

6. VIFAA VYA KUAZIMANA. Hapa someni taratibu maana ndipo nilipoharibu mimi. Kikundi chetu cha kwanza tulikuwa saba, tunapendana, tukawa tunaazimana kila kitu, patasi, glavu, hadi masega. Mwenzetu mmoja mzinga wake ulikuwa umedhoofika, vifuniko vya majana (watoto wa nyuki ndani ya sega) vimedidimia na vina vitundu, mimi nikasema hiyo njaa tu, nikaendelea na patasi ile ile kwenye mizinga ya wengine, afu nikabeba viunzi viwili (fremu zinazoshika masega) vya asali yake nikawapa nyuki wangu. Kumbe ni ule ugonjwa wa kuoza majana, ule mbaya, ambao ukichoma kijiti kwenye jana lililokufa ukavuta taratibu unatoka uzi wa kahawia kama kamasi. Binadamu haumdhuru, ila mbegu za vijidudu vyake zinakaa kwenye mbao na nta zaidi ya miaka 30 zikisubiri, na asali inazibeba. Tuliteketeza mizinga minne usiku nyuki wakiwa ndani, tukafukia majivu. Miwili haikuwa yangu. Mpaka leo inaniuma, na kikundi kilikufa pale pale.

Kwa hiyo: kila mtu aje na patasi na glavu zake. Mzinga dhaifu unafunguliwa mwisho, usiwe wa kwanza kamwe. Masega hayatoki kwa mtu kwenda kwa mtu, hata kama ni ndugu yako. Mkiona uzi ule wa kahawia fungeni, msihamishe chochote, mwiteni afisa wa nyuki au wa mifugo. Na mashine ya kukamulia asali msikimbilie kuichangia, wote mtaitaka wiki moja.

7. Wekeni orodha ya zamu kwa makundi ya nyuki yanayohama mzinga na kuruka, nani anaitwa kwanza kuyakamata. Bila orodha mtagombana.

MASWALI

Swali: Mkuu somo zuri, ila hujasema kiingilio ni kiasi gani?
Jibu: Namba 3.

Swali: Sisi mashine tunayo tayari na tunaosha na sabuni kila mara, naona unatisha watu bure.
Jibu: Sijamtisha mtu, nimesema yaliyonikuta. Sabuni inatoa uchafu, mbegu za ule ugonjwa haiziui. Osheni, ila asali ya mzinga unaoumwa isiingie humo kabisa. Na anzeni na maji ya baridi, ya moto yanayeyusha nta inaenda kuganda ndani.

Swali: Mimi sina hata mzinga mmoja, naruhusiwa kuanzisha?
Jibu: Anza kwa kumfuata mwenye mizinga umshikie bomba la moshi msimu mzima. Kikundi kitakuja chenyewe.

Swali: Mwalimu, tumekutana mara tatu sasa, tunafungua tunaangalia tunafunga. Tufanye nini watu wasichoke?
Jibu: Swali zuri sana hili. Kila mkutano uwe na kazi moja. Mwezi huu tafuteni mayai, siyo malkia. Yai linakaa siku 3 kabla ya kuanguliwa, so ukiona yai unajua ndani ya siku tatu hizi malkia alikuwepo, huna haja ya kumsumbua. Mwezi mwingine hesabuni utitiri wa varoa, vile vidudu vidogo vinavyoganda kwenye nyuki na kuwadhoofisha: chukua nyuki kama 300 kutoka sega la majana, ni nusu kikombe hivi, hakikisha malkia hayumo, watie kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu na sukari laini ya unga, wazungushe taratibu, waache dakika moja mbili, kisha kung'uta juu ya sahani nyeupe. Utitiri unadondoka na nyuki wanarudi nyumbani wazima. Andikeni namba kwenye daftari moja la kikundi, baada ya mwaka mtaona nyuki wa nani wanahimili. Ukipata muda niambie mmeona nini.

Mdau: Naongezea kidogo, msile ndizi mbivu kabla ya kufungua, harufu yake inafanana na ile nyuki anayoachia akiuma, ya kuwaita wenzake.
Jibu: Kweli kabisa, asante. Ndiyo maana ukiumwa unakwangua mwiba hapo hapo, kwa ukucha au patasi, usitafute namna nzuri ya kuutoa maana unaendelea kusukuma sumu, afu unapuliza moshi palipoumwa. Na magwanda fueni kila baada ya mkutano, hiyo harufu inabaki kwenye kitambaa.

Swali: Samahani nimechelewa, je katiba tunaandikaje?
Jibu: Rudi juu kasome kuanzia mwanzo.