Somo: Kupokea, kupima na kuhifadhi itri ya saiklopentadienili (YCp3)

YCp3 ni atomu moja ya itri (metali, alama Y) iliyoshikwa na pete tatu za saiklopentadienili (Cp, pete ya kaboni tano). Ni unga mweupe au wa njano hafifu, uzito wa moli 284.2, unayeyuka karibu na nyuzi 295 za Selsiasi. Familia hii ya misombo ya metali adimu na pete za Cp ilitangazwa mwaka 1954 na Wilkinson na Birmingham, na leo wanaoihitaji zaidi ni wanaopaka tabaka jembamba la oksidi ya itri: mvuke wa YCp3 unapitishwa, unafuata mvuke wa maji, na tabaka linajengeka kidogokidogo.

Sifa inayoifaa kazi hiyo ndiyo inayoharibu chupa yako: inapenda maji mno. Kila gramu 1 (milimoli 3.5) ikikutana na maji hutoa takriban gramu 0.7 za saiklopentadiini, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 41 na kushika moto upesi, na kubaki hidroksidi ya itri. Hidroksidi hiyo nayo ni nyeupe. Kwa hiyo usihukumu unga kwa macho. Ukiona kahawia umeharibika, ila weupe haukuhakikishii kitu.

1. Kabla ya kuagiza

Soma vizuri maana ya "99.9%" kwenye lebo. Mara nyingi wauzaji huandika usafi wa itri ukilinganishwa na metali adimu nyingine tu: kwamba hamna disprosi au erbi nyingi ndani. Haisemi lolote kuhusu kiyeyusho, chumvi au hidroksidi. Omba cheti chenye asilimia ya itri kwa uzito na kiasi cha kloridi.

Uliza pia muda wa kusubiri. Tangu Aprili 2025 China inadai kibali kwa usafirishaji wa itri nje ya nchi, pamoja na samari, gadolini, terbi, disprosi, luteti na skandi. Mzigo wenyewe husafiri kama bidhaa hatari, mara nyingi kwa namba UN 3396, na si kila msafirishaji anaupokea.

2. Kuingiza kwenye kisanduku cha glavu (kisanduku kilichofungwa, chenye gesi kavu isiyo na oksijeni)

Maji na oksijeni viwe chini ya ppm 1 (sehemu moja kwa milioni). Chemba ya kupitishia ivutwe ombwe na kujazwa gesi mara 3. Ampuli ya kioo iliyozibwa inavumilia ombwe. Chupa ya kifuniko cha kawaida inaweza kuvuja, basi ifunge ndani ya mfuko kwanza.

Hapa wengi hukosea: kipimo cha maji kinasoma vizuri, lakini jana yake mtu alimimina THF (tetrahidrofurani, kiyeyusho) humo ndani. YCp3 huidaka THF hata kutoka kwenye mvuke na kuwa YCp3·THF, uzito wa moli 356.3. Ukiipima ukidhani ni YCp3 tupu, umeweka itri pungufu kwa asilimia 20. Safisha hewa ya kisanduku kabla ya kufungua chupa.

3. Kupima itri kwa EDTA (kemikali inayoshika itri moja kwa moja)

Pima mg 100 ndani ya kisanduku, kwenye chupa yenye kizibo cha mpira. Itoe kisandukuni uipeleke kwenye kabati linalofyonza moshi, ipoze kwa barafu, na ingiza gesi kavu polepole. Sindano ya kutolea ibaki wazi. Dondoshea isopropanoli ml 2, kisha asidi hidrokloriki ya 1 M ml 5. Usitumie asidi nitriki, maana utapasha moto na ndani kuna alkoholi. Chemsha taratibu kwenye sahani ya umeme, kamwe si juu ya mwali, mpaka harufu iishe.

Punguza makali kwa maji mpaka ml 50, ongeza heksamini ufikie pH 5.5, tia zailenoli-oranji (rangi ya kuonyesha mwisho wa kipimo), kisha titresha kwa EDTA ya 0.01 M. Rangi hutoka zambarau-nyekundu na kuwa njano ya limau. Kila ml 1 ni mg 0.889 za itri.

YCp3 safi itakula ml 35.2 (31.3%). YCp3·THF tupu itakula 28.1 (25.0%). Iliyokula maji hupanda juu ya 31.3%, maana hidroksidi ina itri nyingi zaidi kwa uzito.

Mtego ni huu: THF inashusha, hidroksidi inapandisha. Unga wenye vyote viwili unaweza kukupa 31% safi kabisa ukiwa umeoza. Ndiyo maana namba hii haitoshi peke yake. Piga NMR ya protoni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni za kila kemikali) katika benzini yenye deuteri utafute vilele vya THF, na uangalie kama kuna kitu kisichoyeyuka hata ukiweka THF kavu.

4. Moto na mabaki

Mchanga mkavu au unga wa kuzimia moto wa metali. Maji hapana, kaboni dioksidi hapana, povu hapana.

Mabaki yasizidi gramu 1 kwa mara moja: yatie kwenye toluini kavu ml 30 chini ya arigoni, barafu nje, dondoshea isopropanoli iliyochanganywa na toluini kwa 10%. Ikitulia, metanoli, na maji mwishoni. Anayeanza na maji anajitafutia moto.

Maswali ya wanachama

Swali: Naitrojeni inafaa badala ya arigoni?
Jibu: Kwa YCp3, ndiyo. Arigoni inakusaidia chombo kikiwa wazi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa.

Swali: Wakuu, lebo inasema 99.9% ila EDTA inanipa 27%. Nimeuziwa feki?
Jibu: Si lazima. Rudi hatua ya 1. Hapo kuna THF au chumvi ya mezani iliyobaki kwenye utengenezaji, kwani kawaida hutengenezwa kwa kloridi ya itri na NaCp (chumvi ya sodiamu ya Cp) ndani ya THF. Chukua sampuli nyingine ndogo, iharibu kwa maji tone kwa tone chini ya gesi kavu na barafu kama hatua ya 3, tia asidi nitriki hafifu ikiwa baridi, dondoshea nitrati ya fedha. Ukiona mashapo meupe, ni kloridi.

Swali: Naweza kuisafisha mwenyewe?
Jibu: Ndiyo, kwa kuivukiza chini ya ombwe kali, nyuzi 200 hadi 250. Panda polepole. THF hutoka kwanza, na ukiharakisha unga unaruka mpaka kwenye kidole baridi (mrija uliopozwa unaodaka mvuke) na uchafu wake wote. Chumvi na hidroksidi hubaki chini. Ukimaliza, jaza arigoni kabla ya kugusa valvu nyingine yoyote.