Namna ya kuandaa tukio la majonzi bila kulazimisha machozi

Waigizaji wengi wakipewa tukio la huzuni huanza kutafuta machozi tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Anayejikamua ili alie hamsikii tena mwenzake, koo linambana, maneno yanamezwa, na watazamaji wanaona mtu anayehangaika kulia tu. Kulia waachie watazamaji. Wewe kazi yako ni kutaka kitu kwa mwenzako, na kukitaka kweli.

Chukua mfano huu. Mama amekaa anachambua mchele. Mwanawe, aliyeondoka kwa ugomvi, anaingia kuchukua nguo zake zilizobaki. Neno la kwanza la mama ni "Umekula?"

Kabla ya kukariri, soma muswada mara tatu. Kwanza soma mfululizo bila kalamu. Mara ya pili andika yale tu ambayo muswada wenyewe unayasema: aliondoka lini, nani alimfukuza, sasa ni saa ngapi, nani mwingine yumo ndani. Mara ya tatu weka alama kila mahali mhusika wako anapobadili anachokitaka; kutoka alama hadi alama ni kipande kimoja. Tukio la kurasa 3 aghalabu huwa na vipande 3 hadi 5. Ukipata 12, umekatakata sentensi, rudia.

Kila kipande kipe kitenzi kinachomlenga mwenzako. "Nina huzuni" haiigiziki. "Namchelewesha asiondoke" inaigizika, kwa kuwa unaweza kumtazama ukajua kama umefaulu au bado. Kisha jaribu "Umekula?" ileile kwa nia ya kupeleleza alikolala, halafu kwa nia ya kuomba radhi bila kuitamka. Sauti itageuka yenyewe. Usiipange.

Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, kwa muda mrefu aliwafundisha waigizaji wachote hisia kutoka kwenye kumbukumbu zao. Miaka yake ya mwisho alitilia mkazo zaidi vitendo vya mwili. Tunaona alifika mahali penyewe: hisia haiji kwa kuitwa, ila kitendo unaweza kukirudia kila usiku.

Basi ipe mikono kazi ya kweli. Weka mchele halisi kwenye ungo, vikombe 2 hivi, uchanganye na vijiwe vya kuokota, maana mikono inayojifanya inachambua huonekana hadi kiti cha mwisho. Mama anauliza huku anachambua. Mwana anajibu, "Nimeshiba." Vidole vinasimama juu ya punje, kisha vinaendelea, lakini sasa vinatupa mchele mzuri pamoja na vijiwe. Chozi halijatoka, na ukumbi umeshaelewa. Kitendo kimoja cha namna hii kinatosha tukio zima. Ukiongeza cha pili na cha tatu, watu watatazama ungo badala ya mama.

Kariri bila mahadhi, ukitembea au ukifua, huku mtu akikusomea maneno ya mwenzako. Ukikariri na mahadhi yake, yatakuganda, na mwongozaji atahangaika wiki nzima kuyang'oa.

Sauti ya huzuni hushuka, na Kiswahili hakisamehei silabi ya kwanza ikipotea. Meza "ha" ya "hatakuja" na mtazamaji atasikia "atakuja", yaani kinyume kabisa. Chukua pumzi kutoka tumboni, mabega yakiwa yametulia, na uitamke silabi ya kwanza ya kila kitenzi wazi hata ukinong'ona. Mweke mwenzako safu ya mwisho akurudishie anachosikia. Kumbuka ukumbi mtupu unavuma, ila ukijaa watu miili na nguo hunyonya sauti. Kinachosikika vizuri kwenye mazoezi kinaweza kufifia siku ya onyesho.

Mbele ya kamera nia ni ileile, ila sauti na uso vipunguze, na ukumbuke mkono ulikuwa wapi neno lilipotoka, maana mtarudia kutoka pembe nyingine na picha lazima ziungane.

Ukisahau maneno jukwaani, usitazame juu wala pembeni. Mwangalie mwenzako, endelea kutaka ulichokuwa unakitaka, na ukiombe kwa maneno yako. Mama aliyesahau sentensi yake bado anaweza kusema "Kaa kidogo," akamsogezea mwanawe kigoda.