Jinsi ya kutumia "kabaila" na "ukabaila" mahali pake

Mwongozo huu ni wa mfasiri, mwandishi wa habari au mwalimu wa historia anayekutana na neno "feudal" na kutaka kuliandika kwa Kiswahili kinachosimama. Neno tunalo: ukabaila. Wanaoandika "ufyudali" wanajipa kazi ya bure. Ugumu uko kwingine. Hapa Dar es Salaam watu hulitumia neno hili kwa kila mwenye mali asiye na huruma, na msomaji wako atakuja nayo maana hiyo kabla hajafika mstari wa pili.

Hatua ya 1: Weka sarufi sawa

Ukabaila ni mfumo, na hauna wingi. Kabaila ni mtu. Wingi wake ni makabaila, na upatanisho ni wa a-wa: "makabaila walitoza", si "makabaila yalitoza". Sifa hujengwa kwa ki-: jamii ya kikabaila, madaraka ya kikabaila. "Mfumo wa ukabaila" na "mfumo wa kikabaila" vyote vinakubalika, ila chagua kimoja ukae nacho hadi mwisho wa kazi.

Angalizo kwa wanaosoma maandishi ya zamani ya pwani: humo kabaila anaweza kuwa mtu wa ukoo wenye hadhi tu, bila lawama yoyote. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa neno kabila. Usimpachike unyonyaji mtu aliyekuwa anasifiwa.

Hatua ya 2: Pima uhusiano kabla ya kuuita wa kikabaila

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Chukua habari uliyonayo uiulize hivi: Ardhi imeshikwa na nani, na aliipata kwa nani kwa masharti gani? Anayeilima anatoa nini: kazi, mazao au fedha? Akikataa kutoa, nani anamhukumu? Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Katika ukabaila, anayepokea mazao na anayekata kesi mara nyingi ni mtu yuleyule, au ni mtu wake. Umiliki wa ardhi na mamlaka juu ya watu vimefungwa kamba moja. Ukiona ardhi kubwa bila mamlaka hayo, una tajiri, una bepari, una mlowezi, lakini kabaila bado hujampata.

Jaribu kipimo hicho kwa nyarubanja, mfumo wa ardhi wa Buhaya na Karagwe (mkoani Kagera). Mtawala, yaani mkama, alimpa mtu wake eneo pamoja na watu waliokuwa tayari wakiishi humo. Familia iliyolala jana ikiwa na kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, ikaamka ikiwa chini ya bwana: sehemu ya mazao ya migomba inakwenda kwake, siku za kazi zinakwenda kwake, na usalama wa kubaki pale unategemea yeye. Maswali yote yamejibiwa. Mfumo huo ulivunjwa kwa sheria baada ya uhuru, katika miaka ya 1960.

Ubuhake wa Rwanda una sura tofauti kidogo, kwa sababu kiungo kilikuwa ng'ombe: mwenye ng'ombe anamkabidhi mtu mnyama, na kwa malipo anapata utumishi na utii wa mtu huyo. Mwami, yaani mfalme, Mutara III Rudahigwa aliukomesha mwaka 1954. Vitabu vyetu vya shule huuweka ubuhake, nyarubanja na ubugabire wa Burundi katika kapu moja la ukabaila wa Maziwa Makuu. Kwa mtihani inatosha. Kwa makala, taja kiungo chenyewe, ardhi au ng'ombe, maana hapo ndipo msomaji anapoona mfumo ulivyofanya kazi.

Hatua ya 3: Mtoe mwenye nyumba kwenye kundi

"Mwenye nyumba wangu kabaila kweli, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo." Sentensi hii utaisikia Sinza, Manzese, Tandika, na kama tusi haina kasoro. Kama maelezo, imekosea. Mpangaji ana mkataba, anaweza kuhama, na mwenye nyumba hana baraza la kumhukumu. Wakigombana, wote wawili wanakwenda kwa mtu wa tatu. Hata ardhi iliyo chini ya nyumba, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye nyumba ana haki ya kuitumia tu.

Lakini usimcheke anayesema hivyo, kwani matumizi haya yana historia. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi asishiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila, na katika masharti yake likamkataza kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo makubwa ya kupangisha, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katika lugha ya siasa ya miaka hiyo, bepari, bwanyenye na kabaila walitukanwa kwa pumzi moja. Kwa hiyo ukinukuu hotuba au gazeti la wakati huo, acha neno lilivyo, kisha ongeza nusu sentensi: "kabaila, kwa maana ya wakati ule, mwenye majumba ya kupangisha". Kulirekebisha ni kuharibu ushahidi.

Hatua ya 4: Umwinyi utumike kwa hadhari

Katika masomo ya historia, umwinyi ni ukabaila wa pwani: mamwinyi walioshika ardhi ya mji au kijiji na kupokea sehemu ya mavuno. Mtaani, "acha umwinyi" maana yake acha uvivu wa kutaka kutumikiwa. Kichwa cha habari "Umwinyi wakwamisha mradi" kitasomwa kwa maana ya pili, bila shaka. Ukitaka ya kwanza, andika "umwinyi wa kumiliki ardhi" walau mara moja mwanzoni.

Hatua ya 5: Kagua maneno yanayofuatana nalo

Mtu huru wa Ulaya ya Zama za Kati aliyekula kiapo kwa bwana mkubwa na kupewa ardhi ili ampiganie, usimwite kibaraka. Kibaraka ni mtu anayetumiwa, na kiapo kile kilikuwa cha heshima. "Bwana mdogo aliyeapishwa" ni refu, lakini halipotoshi.

Mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana naye si mtumwa: aliuzwa pamoja na ardhi, kwa kawaida si peke yake sokoni. Mtwana halisaidii, kwa sababu kwetu ni mtumwa wa kiume.

Na "kodi" peke yake haitoshi, maana msomaji wa mjini atafikiria pango au TRA, Mamlaka ya Mapato. Sema kodi ya kazi, ya mazao au ya fedha, na nani anaipokea.

Hatua ya 6: Usiseme ukabaila ulikufa mwaka mmoja kila mahali

Ufaransa ilifuta haki za kikabaila usiku wa tarehe 4 Agosti 1789. Urusi iliwaachia huru wakulima waliofungwa kwenye mashamba ya mabwana mwaka 1861. Uskoti iliondoa mabaki ya kisheria ya umiliki wa namna hiyo mwaka 2004. Andika nchi kwanza, kisha mwaka.

Hatua ya 7: Tafuta "kabil" kwenye faili

Herufi moja ikidondoka, ukabaila unakuwa ukabila, na kikagua tahajia hakitalalamika kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. "Wananchi walipinga ukabila wa machifu" ni sentensi safi yenye maana nyingine kabisa. Fungua kitafutio, andika "kabil", pitia kila kinachojitokeza ukiwa na matini ya asili pembeni. Fanya hivyo baada ya mpanga kurasa kumaliza, si kabla, kwa sababu kosa hili huingia hata pale anapochapa upya kichwa cha habari.