Iafoni za bei chee: namna ninavyozipima kabla hela haijatoka mfukoni

Mpwa wangu anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na muhula ulipoanza aliniomba nimsindikize soko la Sabasaba kununua iafoni, vile vispika vya kuvaa masikioni. Alikuwa na elfu ishirini, anataka za kusikilizia vipindi anavyorekodi darasani na kwaya zake. Meza ya kwanza tu, muuzaji akamchomekea moja, akapandisha sauti mpaka mwisho, binti akacheka: "Mjomba, hizi zinapiga!" Ni kweli zilipiga. Ila hakuna iafoni isiyopiga ukiipandisha hadi mwisho. Tukaondoka na nyingine kabisa, na wenzake wa bweni walipoanza kumuuliza alichaguaje, akanirushia mimi mzigo. Basi haya ndiyo maelezo. Mimi ni fundi mitambo wa kwaya, shughuli yangu ni kukaa nyuma ya miksa, sina iafoni ya kukuuzia.

Nazungumzia zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio, zenye kipira laini mbele, za kati ya elfu tano na elfu thelathini. Tena za waya. Kwa hela hiyo, ukinunua za blututhi sehemu kubwa ya pesa yako imekwenda kwenye betri, chipu na kikasha cha kuchajia, na spika yenyewe imepata makombo. Simu isiyo na tundu la pini itahitaji adapta ya Type-C. Chukua yenye chipu ya sauti ndani yake, maana zile zilizo waya mtupu zinakubali simu hii na kuikataa ile.

Hatua ya 1: Nenda na muziki wako

Usipime kwa wimbo wa muuzaji. Huo ameuchagua kwa sababu unasikika vizuri hata kwenye redio ya bodaboda. Pia usipime kwa wimbo uliorushiwa WhatsApp ukapita mikono ya watu kumi. Pakua nyumbani kutoka kwenye programu ya muziki, ukiwa umeweka ubora wa juu kabisa, halafu ingia kwenye mipangilio ya sauti ya simu uzime ikwaliza (kirekebisha sauti), Dolby na kila kinachojiita kiongeza besi.

Mimi hubeba kwaya ya sauti nne isiyofunikwa na kinanda, taarifa ya habari ya redio yenye msomaji mmoja, wimbo wa gitaa kavu, na ngoma ya muheme, ile ambayo akina mama wa Kigogo wanapiga wenyewe. Muheme una ngoma kubwa na ndogo zinazojibizana, kwa hiyo iafoni mbovu inaumbuka mapema. Rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, nazo ni nzuri sana kwa kupimia sauti ya mtu na zeze, lakini ilimba, kile kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, usiitumie kutafuta spika inayokoroma. Ilimba imeundwa makusudi iwe na mkwaruzo wake, utakataa iafoni nzima bure. Singeli naipenda, ila imechanganywa ipasue, haiwezi kukuambia kama kilichopasuka ni wimbo au ni spika.

Hatua ya 2: Chomeka mpaka mwisho

Toa kava la simu. Kava nene huzuia pini isiingie yote, na dalili yake ni ya ajabu: kinanda na mwangwi vinasikika, mwimbaji hayupo. Waya wa pamoja, ule unaotumiwa na pande zote mbili, unakuwa haujagusa, hivyo unachosikia ni tofauti ya kushoto na kulia, na chochote kilicho sawa pande zote mbili kinafutika. Mwimbaji huwekwa katikati, ndiyo maana anaondoka yeye. Ukibonyeza kitufe cha maiki mwimbaji akarudi, na ukikiachia akapotea, basi mpangilio wa nyaya kwenye pini hauendani na simu yako. Weka chini, chukua nyingine.

Hatua ya 3: Vipira

Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea, na ndipo nilipokaa na mpwa wangu muda mrefu kuliko kwenye hatua nyingine zote zikijumlishwa.

Iafoni ya ndani ya sikio inatoa besi kwa sharti moja: kipira kizibe tundu la sikio. Kakiwepo katundu kadogo tu ka hewa, besi inavujia hapo. Kinachobaki ni sauti nyembamba, kali, ya kuchoma. Mtu anasema "hizi mbovu", anaziacha, anahamia za elfu kumi na tano zaidi ambazo kwa bahati zilikuja na kipira kinachomtosha. Kalipa elfu kumi na tano kwa ajili ya mpira.

Kwa hiyo kabla hujatoa hukumu yoyote, hakikisha umeziba. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, sukuma iafoni huku unaizungusha kidogo, kisha achia sikio. Halafu guna, "mmm", mdomo umefumba. Ukiwa umeziba pande zote mbili, sauti yako itajaa ndani ya kichwa. Ikijaa upande mmoja tu, upande wa pili unavuja. Kipimo cha pili: piga muheme, kisha sukuma iafoni zote mbili taratibu kwa vidole. Besi ikiruka ghafla unaposukuma na ikaondoka unapoachia, kipira ni kidogo. Isipobadilika sana, umefika.

Pakiti nyingi zina vipira vya size tatu, na muuzaji ameacha vile vya kati. Jaribu vyote. Usidhani masikio yako yanafanana. Mpwa wangu anavaa kikubwa kushoto na cha kati kulia, na alikuwa hajui mpaka siku ile. Kipira kikubwa kupita kiasi nacho hakizibi, kinajikunja ndani na kuacha mfereji. Baada ya kuvaa, fungua mdomo kama unayetafuna mhogo, maana taya likicheza tundu la sikio linabadilika umbo. Iafoni ikitoka kwa miayo miwili, hutafika nayo Chimwaga, kule chuoni.

Kama unavaa hijabu au mtandio, pima ukiwa umeuvaa. Kitambaa kinasukuma iafoni ndani, na iliyosikika vizuri kichwa wazi inaweza kuumiza ndani ya nusu saa, au kinyume chake, iliyokuwa inavuja ikaziba.

Kina pia kina kazi yake. Sikio likiwa limezibwa, nafasi ndogo ya hewa inayobaki kati ya spika na ngoma ya sikio inavuma yenyewe, kwa kawaida mahali fulani karibu na 8,000 Hz (mitetemo kwa sekunde). Ukiingiza zaidi, mvumo unapanda juu zaidi. Ukivaa juujuu unashuka, na mara nyingi unaangukia pale pale zinapokaa "s" na "sh". Kwa hiyo kabla hujaishutumu iafoni kuwa ni kali, isukume kidogo ndani. Makali yakipungua, tatizo lilikuwa uvaaji.

Unaweza kusikia mlio kama wa nailoni inayokunjwa wakati wa kusukuma. Ni utando wa spika unaosukumwa na hewa. Hauna shida ukirudi sawa, ila upande mmoja ukibaki chini baada ya mlio huo, usiinunue. Na kama sikio lako lina nta iliyoganda, hakuna iafoni itakayokuridhisha. Nenda hospitali wakuoshe. Usichokonoe kwa vijiti vya pamba, vinaisindilia ndani.

Ushauri wangu ambao wauzaji hawaupendi: nunua pakiti ya vipira vizuri peke yake, uwe unakwenda navyo dukani mfukoni. Vya sponji ndivyo vinavyoziba kuliko vyote. Unavifinya, unaingiza, unashikilia mpaka vitanuke. Vinapunguza makali kidogo na vinachakaa haraka kwa vumbi letu, kwa hiyo mimi nimebaki na vya silikoni laini.

Hatua ya 4: Sawazisha sauti, la sivyo unashindanisha makelele

Ukisikiliza iafoni mbili na moja ikawa juu kidogo tu, utaipenda iliyo juu. Hata huitambui kuwa ni ya juu, unaona tu "ina uhai". Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933, kule Marekani, kwamba sikio linasikia besi hafifu sauti ikiwa ndogo, na sauti inavyopanda besi inajaa. Iafoni nazo hazilingani: moja inapiga kwa nguvu simu ikiwa nusu, nyingine inanong'ona.

Sawazisha kwa taarifa ya habari, muziki uache, kwa sababu besi itakudanganya. Mwambie mwenzako asimame hatua mbili mbele yako aongee kawaida, kisha ivae iafoni umpandishe msomaji mpaka afanane naye kwa ukubwa wa sauti. Kumbuka ngazi uliyofikia. Fanya hivyo kwa kila iafoni. Simu nyingi za Android zina ngazi 15 tu za sauti, kwa hiyo hutapata usawa kamili, na hapo natumia hila moja: ile ninayoipenda naishusha ngazi moja chini ya mwenzake. Nikiendelea kuipenda ikiwa chini, kweli ni nzuri. Ikipoteza mvuto, nilipenda kelele.

Rudia kipande kile kile kifupi kwa kila moja, ubadilishe haraka. Kumbukumbu ya sauti haikai. Ukisikiliza wimbo mzima, ukajibu simu, ukarudi, unalinganisha na hadithi uliyojitungia.

Hatua ya 5: Sasa sikiliza

Anza na sauti ya mtu. Msomaji wa habari asikike kama mtu aliye chumbani. Akisikika kama yuko ndani ya ndoo, au amebanwa na mafua, muziki wote utakuwa hivyo. Kisha msubiri aseme "Serikali imesisitiza usafi wa mazingira". Sentensi hiyo haikosekani kwenye taarifa yoyote, na imejaa s na z. Kila "s" ikikuchoma kama sindano wakati umevaa sawasawa, utazivua kabla kipindi cha kwanza hakijaisha.

Kwenye kwaya, ifuate alto, ile sauti ya pili. Soprano inajitangaza yenyewe, na besi iafoni zote za bei chee zimeinenepesha. Alto na teno ndizo zinazofukiwa katikati. Kama unaweza kuishika alto kuanzia ubeti hadi kiitikio bila kuipoteza, umeshika iafoni nzuri, hata kama boksi lake ni baya. Hapa ndipo zile "zinazopiga" zilipoanguka. Mpwa wangu anaimba alto, alijitafuta ndani ya wimbo wa kwaya yake mwenyewe akajikosa.

Besi ihukumu kwa muheme. Usikie kiganja kikigusa ngozi, halafu tumbo la ngoma, halafu likome. Besi mbaya inageuza kila pigo kuwa "bum" moja, na huwezi kujua ngoma ipi imejibu ipi. Pale sokoni, injini za daladala na jenereta zinameza besi, kwa hiyo iafoni inayosikika sawa barabarani itakuwa na besi kupita kiasi chumbani. Ingia nyuma ya duka au nenda Nyerere Square asubuhi, upepo haujaanza.

Hatua ya 6: Kushoto na kulia

Pakua programu ya kutoa mlio mmoja, ipandishe polepole kutoka 20 Hz, kwa sauti ndogo. Karibu na 40 hadi 60 sikiliza mkoromo wa spika mbovu. Ukipanda, mlio ubaki katikati ya kichwa. Kuyumba kidogo huko juu ni kawaida, kwa sababu masikio yako hayafanani. Usipousikia kuanzia 16,000 huenda ni umri wako. Msomaji wa habari akisambaa kichwani badala ya kukaa katikati, na besi ikawa imekufa ingawa umeziba, nyaya za upande mmoja zimegeuzwa kiwandani.

Hatua ya 7: Waya na boksi

Gonga waya kwa kucha; "du du" ikiwa kubwa, upitishe juu ya sikio. Maiki ijaribu kwa kupiga simu.

Boksi usilisome. "20 Hz–20 kHz" haisemi chochote bila kuonyesha sauti inashuka kiasi gani huko miishoni. Nembo ya Hi-Res (yaani sauti ya ubora wa juu) inadai kufika 40,000 Hz, masafa ambayo labda popo ndiye atakayeyafaidi. Bei nayo isikutishe: mtafiti wa sauti Jeroen Breebaart alipima hedifoni 283, matokeo yakatoka mwaka 2017, na hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawa besi, kati na makali.

Hatua ya 8: Muuzaji

Wengi watakwambia "ukifungua umenunua". Usigombane. Toa vipira vyako na pamba yenye spiriti, ufute mbele yake, umwambie: "Bosi, nitavaa na vipira vyangu, vyako sivigusi." Wengi hulainika. Akikataa, omba ile ya maonyesho. Akikataa tena, meza ziko nyingi. Kabla ya kulipa mkubaliane kwamba asubuhi atakubadilishia, boksi likiwa zima na risiti ipo.

Usiku huo sikiliza chumbani kwa sauti ya chini, ngazi ambayo bado unamsikia anayekuita mlangoni. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na anayepandisha wimbo baada ya wimbo ili tu amsikie mwimbaji anakipita haraka. Ukijikuta unafanya hivyo, sauti za katikati zimefukiwa. Zirudishe asubuhi, muuzaji hajaisahau sura yako.