Desktopu inazima yenyewe kwa joto? Pitia hapa kabla hujaibeba kwa fundi

Kompyuta ikizima ghafla, paa, bila hata kuaga, usikimbilie kupiga Windows upya, mara nyingi Windows haihusiki kabisa. Angalia muda kwanza. Ukiiwasha ikiwa baridi inakaa kama dakika 20 inazima, ukiiwasha palepale inakaa 5 tu inazima tena, ukiiacha ipoe inarudi kukaa 20, basi hilo ni joto huna haja ya kupiga ramli. Ila kama inazima muda wowote inavyojisikia, hata ndo kwanza imewaka, hiyo ni kesi nyingine ntafika huko chini.

Hakikisha kwa namba sasa. Shusha programu ya HWMonitor au Core Temp, zote za bure, na kama mashine haikupi hata huo muda ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijaanza) usome joto la prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, humo humo. Ikiwa imetulia haina kazi, nyuzi 40 mpaka 50 kwa joto letu la Dar ni kawaida, ukiibana na kazi ikafika 70 au 80 bado inavumilika. Lakini 90 na umefungua Word tu? Hapo kuna jambo. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia 100 zinajipunguza spidi zenyewe, ndo maana mashine inakuwa nzito kwanza, halafu ikishindikana inakata. Zile Dell OptiPlex za mtumba zilizojaa kwenye steshenari nyingi zinakurahisishia, ukiiwasha tena inakuandikia kabisa kwenye skrini kwamba ilizimika kwa sababu ya joto.

Fungua sasa. Chomoa waya ukutani, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kama 10 umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha la kompyuta kidogo ndo uingize mkono. Kitu ambacho watu wengi wanakosea ni kwamba wanaona feni inazunguka vizuri wanasema feni nzima, wanaipangusa juu juu na kitambaa wanafunga. Hapana, toa feni uone chini yake, kwenye yale mapezi ya aluminiamu (hitisinki, inayotoa joto kwenye prosesa), utakuta vumbi limeshonana kama sufi ya godoro, yaani feni inapuliza lakini upepo haupiti popote. Itoe kompyuta nje, piga blowa au brashi mpya ya rangi iliyo kavu, na feni uishikilie kwa kidole isizunguke maana blowa inaikimbiza kuliko uwezo wake inaua beringi. Usipulize kwa mdomo, mate hayo. Pawa saplai (kile kiboksi kinachoingiza umeme) ipulize kwa nje tu kupitia matundu, usiifungue, ndani kuna kapasita zinatunza umeme hata ikiwa imechomolewa.

Kama ina lile kava la plastiki linaloelekeza upepo kwenye prosesa, lirudishe, mafundi wengine wanalitupa eti linabana nafasi.

Ukishasafisha na joto bado liko juu, huenda pesti ya prosesa, ile inayopakwa kati yake na hitisinki kupitisha joto, imekauka. Kwa AMD za zamani zenye pini chini, usivute hitisinki kwa nguvu ikiwa ya baridi, itang'oka na prosesa yake na pini zipinde, washa mashine dakika chache ipate moto, zima, chomoa, afu izungushe kidogo kidogo huku na huku mpaka iachie. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele au zaidi kidogo katikati, usipake kama blubendi (naona sana hii). Kwenye feni za Intel zile za kubonyeza, hakikisha miguu yote minne imelia "ka", mmoja ukiwa umelegea tu joto linapanda vilevile.

Washa, pima tena. Namba zimeshuka ila bado inazima, au yako ni ile ya kuzima muda wowote? Basi joto halikuwa kesi, azima pawa saplai isiyo na tatizo kwa mtu ujaribu, na kama mtaani kwenu umeme unacheza, ichomeke kwenye UPS (kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) uone kama inatulia. Ukipita hapo bado inazima ndo sasa mpelekee fundi, na umwambie ulishafanya nini asije akaanza kukuchaji kusafisha vumbi.