Jinsi ya kuitambua sarafu ya zamani ya fedha kutoka Ulaya

Kama mkononi una sarafu kubwa ya fedha, upande mmoja kichwa cha mtu, upande wa pili tai au ngao, na huelewi ni ya wapi, kwanza kabisa usiisugue. Hata na dawa ya meno, tafadhali. Ule weusi ukiutoa kwa nguvu unabandua na uso wa sarafu, wanunuzi wanaliona hilo papo hapo na bei inaporomoka. Ishike ukingoni, ipige picha mwanga ukitokea pembeni, halafu ikuze kwenye simu, hata herufi zilizolika zinaanza kujitokeza.

Sasa soma maandishi kuzunguka duara lote mpaka mwisho. Mengi ni Kilatini kilichokatwakatwa: D.G. ni kwa neema ya Mungu, REX mfalme, IMP kaisari, na V mara nyingi inakaa mahali pa U, kwa hiyo GEORGIVS ni mfalme George wa Uingereza. Jina peke yake halitoshi, maana CAROLUS walikuwepo Hispania, Uingereza na Sweden, ndo maana nasema fika mwisho ukutane na HISP (Hispania) au BRIT (Uingereza). HELVETIA ni Uswisi. Herufi ndogo ya kiwanda kilichoigonga sarafu nayo isikuchanganye, A inaweza kuwa Paris, Berlin au Vienna, inategemea nchi, so nchi kwanza.

Mwaka ni mahali watu wengi wanapotea. Thaler (sarafu kubwa ya fedha) ya Maria Theresa, malkia wa Austria, imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, lakini iliendelea kugongwa na mwaka huohuo kwa zaidi ya karne moja na nusu baadaye, Vienna na hata London, Rome na Bombay, yaani ile 1780 haikuambii umri wake. Hapo angalia vitu vidogo: herufi S.F. chini ya kifua, lulu kwenye bizimu ya begani, manyoya ya mkia wa tai, na ukingoni maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Ukingo ukiwa mtupu mimi siinunui.

Halafu pima. Thaler hiyo ni gramu 28.07, krauni ya Uingereza ya karne ya 19 ni 28.28, faranga 5 za Ufaransa za karne ya 19 ni gramu 25 na kipenyo milimita 37. Iliyotumika sana hupungua kidogo, hiyo kawaida, ila ikizidi uzito ianze kukutia wasiwasi. Kwa shilingi za Uingereza mwaka una maana kubwa: mpaka 1919 fedha ni asilimia 92.5, kuanzia 1920 ikashushwa hadi 50, na 1947 ikaondolewa kabisa.

Sumaku ikinasa, si fedha, ila isiponasa bado hujathibitisha kitu kwa sababu mchanganyiko wa shaba na nikeli wa sarafu haunasi pia. Kipimo ninachokiamini ni maji: weka kikombe cha maji kwenye mizani ya gramu, irudishe sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini, kisha gawanya uzito wake mkavu kwa namba inayosoma. Thaler itakupa kama 10 hivi, fedha ya 92.5 kama 10.3, ukipata 8.9 huo ni ule mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Vyote vikikubaliana ndo uingie Numista, tovuti ya orodha ya sarafu, ulinganishe picha.