Bango la Filamu Limekukera Hapo Steji? Lalamika Hivi Mpaka Usikike

Kabla hujaandika barua yoyote jiulize kwanza unataka nini, maana hapa ndo wengi wanapotea. Unataka filamu ifutwe isionyeshwe kabisa, ama unataka ile picha ya watu wawili nusu uchi itolewe mbele ya geti la nasari? Hizo ni kesi mbili tofauti, na ya kwanza utashindwa nayo asubuhi na mapema. Msimamo wangu ni huu: filamu ya wakubwa ina haki ya kutangazwa kama filamu nyingine yoyote, lakini picha ya chumbani haina kazi barabarani saa moja asubuhi watoto wakienda shule. Ndani ya sinema iwekeni tu, hata ukubwa wa ukuta mzima, hamna shida.

Sababu yenyewe ni rahisi. Filamu ya 18 ukitaka kuiona lazima utoke kwako, ununue tiketi, na ukionekana mdogo utaulizwa kitambulisho. Kwenye TV huku Kenya vitu vya wakubwa vinatakiwa vingoje mpaka saa nne usiku, na saa kumi na moja alfajiri viwe vishaisha. Bango halina mlango wala saa, liko hapo juu mchana kutwa na wewe umesimama chini yake unangoja matatu na mtoto mkononi.

Kuna kesi ya India huwa napenda kuitaja. Mwaka 2014 lilitoka bango la filamu ya PK, mwigizaji Aamir Khan kasimama kwenye reli uchi kabisa, redio kaseti kubwa ndo imeziba pale pa kuzibwa. Watu wakapandwa na mori, mmoja wao akafika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, na majaji wakamwambia kwa ufupi kama hupendi usitazame, kesi ikatupwa. Jibu hilo kwa filamu naliunga mkono mia kwa mia. Kwa bango mimi naona halitoshi, kwasababu hakuna mtu anayeliendea bango, lenyewe ndo linakujia. Basi malalamiko yako yasimamie hapo hapo: mahali, ukubwa, na nani anapita. Ukianza mambo ya maadili yameporomoka na dunia imeisha, wanaopokea barua wameshasoma kama hizo mpaka wamechoka.

Haya, liangalie bango vizuri.

Najua unaona haya, lakini simama ulitazame kama askari anayeandika ripoti. "Bango chafu" haimsaidii mtu. Andika kinachoonekana: mwanamume hana shati, mkono wake umeingia chini ya gauni la mwanamke mpaka pajani, mwanamke kafumba macho, kitanda kiko nyuma, jina la filamu kwa herufi nyekundu kubwa, na kule chini kabisa kwa maandishi kama mchwa ndo kuna tarehe ya kuanza. Kisha tafuta kitu kimoja ambacho watu huwa hawakitafuti, namba ya umri. Kenya filamu zinapangwa kwa madaraja, GE ni ya watu wote, PG mzazi awepo, halafu 16 na 18. Kama bango linatangaza filamu ya 18 na huioni hiyo 18 popote, hilo lina uzito kwenye barua yako kuliko aya tatu za hasira.

Picha ukipiga, usipige bango peke yake. Rudi nyuma mpaka upate bango na geti la shule, ama msikiti, ama kanisa, ama ile steji yenyewe, vyote kwa picha moja. Piga pia ukiwa umechutama, urefu wa mtoto, utashangaa vile picha inabadilika. Pima hatua kutoka getini mpaka kwenye nguzo. Na kama ni ile skrini ya umeme inayobadilisha matangazo, picha haitoshi, chukua video, maana tangazo linakaa sekunde chache linapita, na ukituma picha watakwambia hilo halipo. Video ya dakika mbili inaonyesha linarudi mara ngapi na saa ngapi.

Sasa mwenye bango ni nani. Hapa kuna watu wengi kuliko unavyodhani. Kuna mwenye filamu ama msambazaji, kuna sinema inayoionyesha, kuna kampuni ya mabango iliyokodisha ile nafasi, na kuna mwenye ardhi. Jina la kampuni ya mabango kwa kawaida liko kwenye kibati kidogo chini ya fremu ama kwenye nguzo, wakati mwingine na namba ya bango lenyewe, ipige picha hiyo namba. Kama nguzo imesimama kwenye hifadhi ya barabara basi mamlaka ya barabara nayo inahusika, KURA kwa barabara za mijini na KeNHA kwa zile kuu kama barabara ya Mombasa ama ya Thika.

Anza na sinema. Wengi wanakimbilia serikali moja kwa moja na mimi naona ni kupoteza muda, kwasababu tangazo la filamu halikai mwaka, likikaa sana ni wiki chache, na faili ya ofisini inatembea kwa miguu. Meneja wa sinema ana wateja anaotaka warudi na wanawe Jumamosi kwa filamu za katuni, huyo anaumwa na simu yako kuliko karani yoyote. Ongea nae kwa heshima, umwombe jambo dogo linalowezekana. Hapa usiwe bahili wa mawazo: kila filamu ina mabango zaidi ya moja, huwa kuna lenye sura za waigizaji tu ama jina tu, mwambie abadilishe aweke hilo. Kama ni skrini ya umeme ni rahisi zaidi, ile inapangwa kwa kompyuta, tangazo linaweza kuhamishwa likaanza saa nne usiku bila mtu kupanda ngazi. Nakala ya ombi mtumie na kampuni ya mabango siku hiyo hiyo.

Wakikunyamazia ndo unapanda juu, na unapanda njia mbili kwa pamoja.

Njia ya kwanza ni kaunti. Watu wanalaumu bodi ya filamu kwa kila kitu lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imetaja wazi kwamba udhibiti wa matangazo ya nje ni kazi ya kaunti. Nairobi ina hata sheria yake ya matangazo ya nje ya 2018. Kaunti ndo inatoa kibali cha bango na ndo inakusanya ada, kwahivo ndo yenye nguvu ya kusema teremsha. Nakala mpelekee na MCA wako, yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, hawa jamaa wanapenda kusimama bungeni na karatasi mkononi.

Njia ya pili ni Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB. Wao wanafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, na sheria hiyo haikuishia kwa filamu tu, inawapa kazi ya kukagua na mabango yake. Swali lako kwao liwe moja tu na lisiwe na mikia: bango hili lilipita kwenu? Kama lilipita, mlijua litawekwa wapi? Wallahi swali hilo ni gumu kulijibu kuliko mahubiri.

Barua yenyewe iwe fupi, ukurasa mmoja. Unaweza kunakili hii ubadilishe:

"Mimi ni mkaazi wa wadi ya ..., na nina watoto wanaosoma shule ya ... Tangu tarehe ... kuna bango la filamu iitwayo ... kwenye nguzo nambari ..., hatua ... kutoka geti la shule. Bango linaonyesha (eleza bila kupamba). Daraja la umri halionekani. Sipingi filamu kuonyeshwa wala kutangazwa. Naomba (1) bango hili libadilishwe kwa lingine la filamu hiyo hiyo lisilo na picha ya kitandani, au lihamishwe mbali na shule, na (2) nijulishwe kwa maandishi kama lilikaguliwa na lilipewa kibali kwa masharti gani. Nimeambatisha picha nne na video moja."

Ile sentensi ya "sipingi filamu" usiikate hata kama moyo hautaki. Yenyewe ndo inakutoa kwenye kundi la wale wanaotaka kufunga kila kitu, na inawaondolea wao jibu rahisi la uhuru wa sanaa. Watalileta hilo jibu, jiandae. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza na kinataja ubunifu wa sanaa kwa jina, halafu kinaorodhesha visivyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki. Picha za mahaba hazimo kwenye orodha hiyo. Kwahivo mtu akikwambia Katiba inakataza mabango ya namna hii anakudanganya. Ulichonacho wewe ni Kifungu cha 53, kwamba maslahi ya mtoto ndo yatangulie kwa kila jambo linalomhusu, na kile cha 24 kinachoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa sheria ikiwa mipaka yenyewe ni ya kiasi. Kulisogeza bango ni kiasi. Kuifuta filamu utapata kazi kuelezea.

Ukitaka mfano wa kuwaonyesha kwamba hili linafanyika bila dunia kusimama, taja Uingereza. Mwaka 2011 ilitoka ripoti ya Reg Bailey kuhusu watoto na biashara, na baada yake ASA, wale wasimamizi wa matangazo, wakakaza kanuni za mabango ya nje. Tangazo lenye mvuto wa kimapenzi linaweza kuambiwa lisiwekwe ndani ya mita 100 kutoka shuleni, na zaidi ya mita hizo likaruhusiwa. Filamu hazijafa huko, sinema zinaendelea.

Kuna mambo ya kutofanya, na la kwanza najua linakuwasha vidole sasa hivi. Usitupe ile picha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa na maneno "oneni wanayotufanyia". Umewapa tangazo la bure, na sasa hata waliokuwa hawapiti barabara ile wameliona, watoto wao nao. Kelele zinauza tiketi jamani. Ile filamu ya Kenya iitwayo Rafiki ilipopigwa marufuku Aprili 2018 watu kibao walikuwa hawajaisikia, halafu mwezi wa tisa mahakama ikasimamisha marufuku kwa siku 7 tu na sinema za Nairobi zikajaa mpaka watu wakakosa viti. Ile haikuwa kesi ya bango, lakini funzo la biashara ni lile lile.

Usilichane wala kulipaka rangi. Kuharibu mali ya mtu ni kosa, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 339, na siku hiyo wewe ndo unageuka mshtakiwa na bango linakuwa mlalamikaji. Na tafadhali sana muacheni yule dada aliye kwenye picha. Kila mara naona mambo ni yale yale, mwanamume kavua shati hatajwi, mwanamke anatafutwa kurasa zake anatukanwa mpaka mamake. Yeye hakuchagua bango liwekwe wapi, na matusi ya mtandaoni nayo yana sheria yake, ya makosa ya kompyuta ya 2018.

Sasa ukishatuma, ngoja wiki. Kimya? Nenda na nakala ofisini igongwe muhuri wa kupokelewa, muhuri ule una miujiza yake. Kisha tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: omba kaunti ikupe nakala ya kibali cha bango lile na masharti yake. Afisa wa habari ana siku 21 za kukujibu. Akikukalia unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndo hao wanaoitwa Ombudsman, na kwao hulipi wakili. Najua siku 21 zikiisha filamu yenyewe itakuwa ishatoka sinema, watu wanauliza ya nini basi. Ya bango linalofuata. Nguzo iko pale pale, kampuni ni ile ile, na ukiwa na karatasi inayosema kibali kilitolewa bila mtu kuangalia shule iko wapi, mara ijayo humwombi mtu, unawakumbusha.

Watu wawili watatu wakisaini pamoja ni bora kuliko mmoja, na mwalimu mkuu ni bora kuliko wote, barua yenye kichwa cha shule inasomwa. Maimamu na wachungaji karibisheni, ila mumpe mmoja asome barua kabla haijaenda aondoe moto wa jehanamu, utawafukuza wale wa bodi.

Na zile karatasi za kubandikwa na gundi ukutani, za vibanda vya video vya mtaani? Hizo hazitaki barua. Mwenye kibanda unamjua, pengine mlicheza mpira pamoja. Mwambie azibandike ndani, mlangoni aache orodha ya majina ya picha na saa. Na kama kabandika kwenye ukuta wa mtu bila ruhusa, mwite mwenye ukuta aje na ndoo ya maji na mwiko, yeye ana haki ya kubandua vya kwake.